Bado Anataja: Historia ya Sista Vuguvugu

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mliofanya kazi na marehemu, mimi niliyesimama mbele yenu ni mdogo wake wa mwisho kuzaliwa, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, ingawa bado najiuliza kwa nini nimechaguliwa mimi na si kaka yetu mwenye sauti nzuri, na kamati imeniagiza nisome kama ilivyoandikwa, nisiongeze wala nisipunguze. Karatasi ya kamati niliisoma jana. Inasema marehemu alikuwa mtu mpole, mcheshi, mwenye kumwamini kila aliyekutana naye. Hapo ndipo nilipotafuta kalamu, kwa sababu dada angeyasikia maneno hayo angeinuka humo alimo na kuuliza ni nani aliyeyaandika, na anataka nini.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Novemba 1961, akiwa kifungua mimba wa baba yetu, fundi saa, na mama yetu, mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la baba, ambamo saa za wateja zilijaa ukutani na mezani, zikilia mchana kutwa, na hakuna hata mbili zilizokubaliana. Baba alizoea kutuambia kwamba mwenye saa moja anajua ni saa ngapi, mwenye saa mbili hana uhakika, na dada aliyachukua maneno hayo akiwa mdogo sana, akayafanya dini. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi alichora alama ya mkaa ndani ya kopo la sukari ili ajue kama inapungua, ikapungua, nikashukiwa mimi, na leo, baada ya miaka zaidi ya hamsini, narudia mbele ya jeneza lake kwamba sikuwa mimi. Kaka yetu ameinamisha kichwa, lakini huenda ni kwa sababu ya majonzi.

Alianza masomo ya msingi Januari 1969 katika shule iliyokuwa ng'ambo ya barabara, akamaliza mwaka 1975, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia 1976 hadi 1979, na huko walimu wake walimkumbuka kwa tabia moja, kwamba alikuwa akiyakokotoa upya majibu yaliyochapwa mwishoni mwa kitabu cha hesabu, na safari moja akakuta kitabu kimekosea. Mama alikuwa akisema siku ile ndiyo iliyomharibu mtoto. Mwaka 1981 alijiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu Oktoba 1984, na mwezi uliofuata akaajiriwa katika hospitali kuu ya mji huu, wodi ya masikio, pua na koo, ambako alikaa mpaka alipostaafu.

Mwaka 1988 alipelekwa kusomea kipimo ambacho wengi wenu mmekisikia bila kukielewa, nami naomba nikieleze, kwa sababu bila hicho hamtamwelewa yeye. Ndani kabisa ya sikio la kila mtu kuna kitu kidogo kinachomwambia kichwa kimegeuka wapi, kinachotuwezesha kusimama bila kuyumba, na mtu akipata kizunguzungu, madaktari wanataka kujua ni sikio lipi lililolegea. Basi mgonjwa analazwa chali, kichwa kimeinuliwa kidogo kwenye mto, sikio linaangaliwa kwanza kama lina nta au tundu, anavishwa miwani mizito isiyopitisha mwanga, yenye chombo ndani kinachomwonyesha mpimaji macho, kisha yanaingizwa taratibu maji yenye joto kuliko mwili, sikio moja baada ya jingine, halafu maji baridi kuliko mwili, sikio moja baada ya jingine. Sikio likipata moto au baridi linadanganyika, linadhani kichwa kinazunguka, na macho yanaanza kukimbia, yanateleza upande mmoja polepole na kurudi kwa kushtuka, tena na tena, bila mwenyewe kutaka. Sikio lililo zima linayachezesha macho vizuri, lililolegea linayachezesha kidogo, au haliyachezeshi kabisa.

Dada alirudi kutoka masomoni amebadilika, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta tangu enzi za kopo la sukari, na siku hiyohiyo alimwambia mama kwamba mdomo wa mtu umefundishwa adabu tangu utotoni, lakini macho hakuna aliyeyafundisha. Alipewa chumba cha mwisho kwenye korido ya chini, chenye kitanda, sinki, birika mbili, pazia zito jeusi na mlango ambao yeye peke yake ndiye aliyekuwa na ufunguo wake, na wagonjwa, ambao hawakujua maji yale ni ya moto kiasi gani au ya baridi kiasi gani, wakampa jina la Sista Vuguvugu, jina lililomkaa maisha yake yote, ingawa hakuna jambo hata moja alilowahi kulifanya kwa uvuguvugu.

Kuna sehemu moja ya kazi yake iliyomletea sifa na lawama kwa pamoja. Mtu aliyelazwa gizani huku dunia inamzunguka hutaka kuizima akili yake, na akiizima, macho nayo hulegea, kipimo kikaharibika, kwa hiyo ni lazima apewe kitu cha kutaja, wanyama, miji, vitu vya jikoni, majina ya watu, mradi akili isilale. Wagonjwa walidhani wanahojiwa. Mfanyabiashara mmoja aliyeambiwa ataje bidhaa za dukani kwake aliivua ile miwani, akachungulia nyuma ya pazia akitafuta watu wa kodi, na mlinzi mmoja alikataa katakata kutaja majirani zake mpaka aonyeshwe kibali. Lakini baada ya miaka michache dada alikuwa amejitengenezea sheria yake, ambayo haimo katika kitabu chochote, nami niliisikia mara nyingi mezani kwake mpaka nikaikariri, kwamba mdomo ukinyamaza na macho yakaendelea kucheza, huyo bado anataja. Kulikuwa na jambo la pili, na hili limo vitabuni. Mwishoni aliwasha taa ndogo nyekundu ndani ya miwani na kumwambia mgonjwa aitazame, na kwa kawaida macho yakipata kitu cha kutazama hutulia. Yasipotulia, tatizo si la sikio, ni la ubongo.

Hapo wodini hakumwamini mtu, wala chombo. Hospitali ilimpa kipimajoto kimoja cha kupimia maji, akakitilia shaka, akaomba cha pili ili kikichunge cha kwanza, vikatofautiana, akaleta cha tatu kutoka nyumbani kiwe mwamuzi, nacho kikatoa jibu lake mwenyewe, na asubuhi ile yote benchi lilijaa wagonjwa wakisubiri, wakiyumbayumba, huku Sista Vuguvugu akiwa ndani anaamua kesi ya vipimajoto vitatu. Daktari mkuu alipokuja kuuliza kulikoni, alimkuta ametumbukiza kiwiko majini kama mama anayetaka kumwogesha mtoto. Mwaka 2009 aliletewa msaidizi, dada mmoja mtulivu ambaye sisi sote tunamwita Mpole, yupo pale mstari wa pili, na kwa mwaka mzima wa kwanza Mpole aliruhusiwa kushika taulo tu, kwa sababu dada hakuelewa ni kwa nini mtu awe mpole kiasi kile bila sababu.

Sasa nafika kwenye ndoa, mahali ambapo kamati iliandika mstari mmoja, na nitaomba uvumilivu wenu. Mwezi Agosti 1992 aliingia chumbani kwake fundi wa kuezeka mapaa, mtu mrefu ambaye ninyi nyote mnamjua kwa jina la Ngazi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila ngazi begani, akilalamika kwamba akiwa juu ya paa dunia inageuka na msumari mmoja anauona miwili. Dada akamlaza, akamwingizia maji, akamwambia ataje majina ya wanawake anaowajua, swali alilowauliza wanaume wote kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, hawahitaji kufikiri sana. Fundi akafunga mdomo. Dada akauliza tena, fundi akawa kimya kama gogo, lakini macho yake yalikuwa yakikimbia kwa nguvu zote, na kwa sheria ya dada jambo hilo lilikuwa na maana moja tu, kwamba bwana huyu ana orodha, ni ndefu, na anaitaja kimoyomoyo. Alipombana baada ya kipimo, fundi alimjibu kwamba alikuwa akihesabu mabati ya ghala alilokuwa akiliezeka. Dada hakuamini siku hiyo, hakuamini siku ya harusi, na kila walipogombana, katika miaka yote waliyoishi pamoja, ghala lile lilirudi mezani.

Kipimo kilionyesha sikio lake la kulia limelegea, akakatazwa kupanda juu kwa miezi kadhaa, na yeye, ambaye hakuwa nyuma katika mambo ya shaka, akaamini kwamba fundi mwenzake aliyekuwa akigombania naye kazi ndiye aliyempanga yule sista. Akarudi kupimwa tena kwa hasira. Sikio likaonekana linapona. Akarudi mara ya tatu, hana kizunguzungu, hana hasira, ananukia sabuni. Nami nikawauliza wazazi, na leo nawauliza ninyi, maji baridi yakiingia sikioni dunia yote inapinduka, wengine wanatapika, ni mtu gani mwenye akili timamu anayerudi kwa hiari yake kuzungushwa kichwa ilhali amepona, na kama anarudi, anatafuta nini. Baba hakuinua hata macho kwenye saa aliyokuwa akiitengeneza, akasema anatafuta mke, na ndivyo ilivyokuwa, wakafunga ndoa tarehe 17 Desemba 1994 mbele ya ndugu wa pande zote mbili, mimi nikiwa nimekaa mahali ambapo ningeweza kumtazama bwana harusi vizuri.

Ngazi aliijenga nyumba yao na kuiezeka kwa mikono yake, na mvua ya kwanza iliponyesha, dada alitembea chumba hadi chumba akiwa na ndoo, akitafuta linapovuja, hakupata, na kwa siku kadhaa alikuwa na kinyongo. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume aliyezaliwa tarehe 6 Aprili 1996, ambaye leo ni dereva wa malori, na wa kike aliyezaliwa tarehe 23 Julai 1999, ambaye ni mwalimu, na wote wawili walilelewa kwa neno moja, nitazame. Chakula kimekwisha sufuriani, nitazame, umetoka wapi, nitazame, umefaulu kweli, nitazame. Mpwa wangu wa kiume alipofika sekondari alinunua miwani ya jua na kuivaa mpaka ndani ya nyumba. Mumewe naye alipitishwa kwenye uchunguzi huo kila jioni anaporudi kazini, akiwa bado ana vumbi la mabati kwenye nyusi, anaweka ngazi ukutani, anasimama mlangoni, anatazamwa, ndipo anaingia kuoga. Sijawahi kumsikia akilalamika, na hilo ni jambo ambalo mimi binafsi nililiweka akilini.

Marehemu alistaafu tarehe 11 Novemba 2021 alipotimiza miaka sitini. Siku ya kuaga alimkabidhi Mpole ufunguo wa chumba pamoja na vile vipimajoto vitatu, akatembea mpaka mwisho wa korido, akarudi kuhakikisha kwamba Mpole anajua kufunga.

Ugonjwa ulianza Januari 2022. Mwanzoni alikuwa akishika ukuta anapoamka, kisha akaanza kuyumba hata akiwa njiani, na mtaani, kama kawaida, watu wakapata la kusema, mmoja akasema mama mstaafu ameanza kunywa, mwingine akasema kuna mkono wa mtu, na walioyasema hayo wako hapa na wamelia vizuri kuliko sisi wenye msiba. Yeye alisema ni sikio. Baadaye akaona kwamba kizunguzungu kinamzidi asubuhi, baada ya chai. Na chai ya asubuhi, tangu dada astaafu, ilikuwa ikitengenezwa na mumewe.

Hapa ndipo kamati iliponiomba nirukie kwenye tarehe ya kifo, nami nakataa, kwa sababu nilikuwepo. Nilihamia kwao mwezi Machi kumuuguza, nikayaona mambo haya kwa macho yangu. Nyumbani kwao kuna vikombe viwili vya bluu, kimoja kina ufa mdogo kwenye mkono wake, na kila asubuhi shemeji alivileta mezani, kizima mbele ya mkewe, chenye ufa mbele yake, na kila asubuhi dada alimtuma jikoni alete kijiko, na aliporudi ufa ulikuwa umehamia upande wa pili wa meza. Mkewe alikuwa akihofia kwamba anatiliwa kitu kwenye chai. Mumewe aliuona ufa, hakuna asiyeuona, akaketi, akanywa kikombe alichoachiwa, akauliza mgonjwa ameamkaje. Na mimi, kadiri alivyonyamaza ndivyo nilivyozidi kumtazama, maana kwa mujibu wa ukoo wetu mtu asiye na hatia hulalamika.

Asubuhi moja nilikinywa kile chenye ufa kabla hawajafika mezani, ili nijue. Kilikuwa na sukari. Sasa, shemeji yangu hajatia sukari kwenye chai tangu nimfahamu, inamchefua, na dada bila sukari nyingi chai haiiti chai. Nikaonja na kile kizima, nacho kilikuwa na sukari sawasawa. Alikuwa akitia sukari vikombe vyote viwili, ili mkewe atakapovibadilisha, chochote atakachokichukua kiwe kama anavyokipenda, na yeye akimeza kile kilichobaki. Niliviosha vikombe, nikatengeneza chai upya, sikumwambia mtu, kwa sababu nilitaka kwanza kuwa na uhakika.

Tarehe 8 Juni 2022 dada alikubali kupimwa, kwa sharti kwamba apimwe na Mpole, katika chumba kilekile, na mimi na mumewe tukaruhusiwa kukaa kwenye viti karibu na pazia, mahali tulipoweza kuona kioo cha mashine kinachoonyesha macho yake. Alivitaka vipimajoto vitatu viletwe. Siku hiyo vyote vitatu vilisoma sawa, jambo lililomtia wasiwasi zaidi. Alijilaza, akamwelekeza Mpole kuinua mto kidogo, akavaa miwani, na kipimo kikaanza, maji ya moto sikio la kulia akataja wanyama, sikio la kushoto akataja miji, maji baridi sikio la kulia akataja vitu vya jikoni, lakini alikuwa akivitaja kama mtu anayesoma sala aliyoizoea, kwa kuwa orodha zile zote ni zake mwenyewe, alizitunga yeye, na Mpole akaona macho yanaanza kulegea. Alinieleza baadaye kwamba ilibidi atafute swali ambalo mwalimu wake hana jibu lake tayari. Akamwingizia maji baridi sikio la kushoto, la mwisho, akasema, "Sista, nitajie watu unaowaamini."

Bomba la sinki lilikuwa likidondosha maji. Kwenye kioo macho ya dada yalikuwa yameanza kukimbia.

"Ngazi," akasema.

Mpole akasubiri kama alivyofundishwa, kisha akamwuliza, na mwingine. Mimi nilikuwa nimeinuka kidogo kwenye kiti, naomba mnielewe, ni mimi niliyelala naye kitanda kimoja utotoni, ni mimi niliyekuwa nikimwogesha na kumvika kwa miezi mitatu.

"Usinisukume, mwanangu," dada akajibu. "Nimemaliza."

Amemaliza kwa jina moja. Lakini macho hayakumaliza, yaliendelea kukimbia pale kwenye kioo, yanateleza na kushtuka, yanateleza na kushtuka, huku mdomo umefungwa. Mpole akawasha ile taa ndogo nyekundu, akamwambia atazame, tukasubiri macho yatulie. Dada akauliza kutoka chini ya miwani kama yametulia. Mpole hakuweza kumdanganya mtu yule, hakuna aliyeweza, akasema, "Bado, Sista."  Dada alikuwa amewafundisha wanafunzi wote wa hospitali ile maana ya jambo hilo.

"Basi si chai," akasema, akanyoosha mkono hewani, upande aliokuwa amekaa mumewe.

Picha zilizopigwa juma lile zilionyesha uvimbe nyuma ya ubongo, mkubwa, mahali ambapo madaktari walisema kisu kingedhuru kuliko kusaidia. Alirudishwa nyumbani, na kuanzia asubuhi iliyofuata hakumtuma tena mtu kijiko, alikunywa kikombe kilichowekwa mbele yake, na shemeji akarudi kunywa chai yake bila sukari. Alifariki tarehe 30 Oktoba 2022, saa nne asubuhi, kitandani kwake, chini ya paa ambalo halijavuja mpaka leo, mumewe akiwa amemshika mkono, siku chache kabla ya kutimiza miaka sitini na moja.

Baada ya kipimo kile nilikuwa na uchungu, sitawaficha, na si wa ugonjwa peke yake. Jioni moja nilimkuta shemeji uani akifuta ngazi yake, nikamwambia kwamba jina langu halikutajwa. Akaendelea kufuta. Nikamwuliza macho yale yaliyokuwa yakicheza baada ya mdomo kunyamaza, yeye anadhani yalikuwa yakifanya nini, maana nilishamwuliza daktari, na daktari alisema ni uvimbe tu, mgonjwa wa namna ile macho hayaongozwi na fikra. Shemeji akaniambia maneno haya, nami nayasoma kama alivyoyasema. "Shemeji, mimi nilikuwa nahesabu mabati kweli. Yalikuwa mabati. Lakini dada yako hajui mabati. Yule alikuwa anataja watu."

Daktari ni msomi, ana picha, ana mashine, na inawezekana kabisa yuko sahihi. Nimelichunguza jambo hili kwa miezi yote hii, nimelipindua, nimelitafutia kipimajoto cha pili na cha tatu, na sijapata uhakika wowote. Nimeamua kumwamini shemeji. Ni mara yangu ya kwanza kuamini kitu bila ushahidi, na dada, kama unanisikia, najua hukubaliani nami.

Kwa niaba ya familia, tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kuu kwa kumhudumia mwenzao, tunamshukuru Mpole, ambaye aliweza kumwambia ukweli mtu aliyemfundisha kuutafuta, na ambaye tangu jana anatuuliza kama tumefunga milango. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani, mafundi paa waliokuja na kusimamisha turubai hili lisiyumbe, kaka yetu kwa kugharimia usafiri, na ukitaka kusema lolote kuhusu sukari, kaka, baada ya mazishi nitakuwa jikoni. Tunawashukuru majirani, wote, hata wale niliowataja bila kuwataja, kwa sababu mlikuja, mkakaa nasi, mkaleta maji na viti. Watoto wa marehemu wameniomba niseme kwamba mama alikuwa sahihi mara nyingi zaidi kuliko walivyowahi kukiri. Na kwako, shemeji, ukoo huu ulikutazama machoni kwa muda mrefu sana, sasa tunaomba uingie ndani uketi, wewe ni ndugu yetu.

Dada, nimesoma yaliyoandikwa na yale yasiyoandikwa, na hapa nitanyamaza, maana watu wanasubiri na jua linapanda. Ukiona nimefunga mdomo na macho yangu hayajatulia, sheria ni yako mwenyewe, unajua ninachofanya. Pumzika kwa amani.